Lenzi Pana na Kikohozi cha Baba Mkwe

Nikikuambia kwamba nilikaa miaka mingi ndani ya ndoa bila kuijua sura ya baba mkwe wangu, usidhani nilikuwa kipofu. Nilikuwa mkwe wa Kinyakyusa, basi. Kwetu mke wa mtoto na baba wa mume hawatazamani, hawasalimiani, hawapishani njiani. Ukimwona kwa mbali anakuja, unaingia migombani, unainama mpaka apite. Tunaita ukutila. Kanisa lilikuwa limelegeza mambo hayo, na wenzangu wa mjini walikwisha kuanza kuwapa wakwe zao mikono mchana kweupe, lakini baba mkwe wangu wa Busale alikuwa mtu wa zamani na hakuna aliyethubutu kumwambia dunia imegeuka.

Tena alikuwa muungwana. Kabla hajatokea popote, alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa kengele yetu sisi wake za wanawe. Tukisikia "khoo!" nyuma ya ghala, mwiko unabaki kwenye sufuria, mtoto anabaki kwenye beseni la kuogea, na sisi hatupo. Nilikijua kikohozi kile kuliko nilivyojua sauti ya mume wangu. Cha asubuhi kilikuwa kizito, cha jioni kilikuwa chepesi, na akiwa amekasirika vilitoka viwili viwili.

Sasa mimi kazi yangu ilikuwa kupiga picha. Nilikuwa na studio ya chumba kimoja pale Mbugani, yenye pazia nililochora mwenyewe mlima na maua, na watu wakaniuliza ni mlima gani huo wenye maua makubwa kuliko miti. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu alitaka picha. Mitumba imeingia, mtu kapata suti yake ya kwanza, anataka ushahidi. Nilipiga maharusi, watoto wa kipaimara, wafanyabiashara wanaotaka picha za pasi. Nusu ya Kyela ilipita mbele ya kamera yangu. Baba mkwe hakupita, maana ningempigaje mtu nisiyeruhusiwa kumtazama?

Aliyeniingiza kwenye shughuli hii ni mama mkwe. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho wa pande zote mbili. Hospitali walimwambia asubiri zamu ya kupasuliwa, na hakuna aliyethubutu kumwahidi lolote. Siku moja tulikuwa tunapepeta mpunga uani, akaniambia, "Mwanangu, mimi nina watu wengi, lakini sijawahi kuwaona."

Nikamwambia, "Mama, si ndio sisi hapa kila siku?"

"Ninyi ndio mko hapa. Baba yenu yuko wapi? Akija yeye, ninyi hampo. Mkija ninyi, yeye kaenda zake shambani. Nimezaa, nimeoza, nimelea wajukuu, lakini watu wangu wote mahali pamoja, kwa jicho moja, sijawaona hata mara moja. Nipigie picha nikiwa bado naona."

Nikamwambia ni rahisi sana, nitampigia picha mbili, moja ya upande wa mzee na moja ya upande wetu. Akaacha kupepeta. "Mbili ninazo kila siku," akasema. "Nataka moja."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Ili baba mkwe na sisi wake za wanawe tuwe kwenye picha moja bila kuvunja heshima, ilibidi yeye akae mwisho huu wa ua na sisi tusimame mwisho ule, na wote wengine wajae katikati. Lakini ua ule wa Busale ulikuwa mrefu na mwembamba. Mbele nyumba, nyuma miti ya kakao, na baada ya kakao ni mfereji na majaruba ya mpunga. Nilikwenda siku moja mzee hayupo, nikarudi nyuma na kamera jichoni, nikarudi, nikarudi, mpaka nikatumbukia mferejini mzima mzima na sketi yangu ya kanisani. Hata nikiwa ndani ya maji, lenzi yangu ya kawaida ilikuwa inakamata nusu ya nyumba tu. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilitoka mferejini nikiwa nimeapa kwamba picha hii nitaipiga.

Nilihitaji lenzi pana. Na lenzi pana Kyela ungeipata wapi? Hata Mbeya mjini wangekutazama tu.

Basi kuna jamaa mmoja alikuwa anavuka kutoka Karonga, upande wa Malawi, na bidhaa zake begani: sabuni, betri, vitenge, redio zisizo na mifuniko. Wangonde wa kule na sisi ni ndugu, lugha zetu zinakaribiana kabisa, kwa hiyo alikuwa anatutania kwa Kinyakyusa na kutuuzia kwa Kiswahili. Alikuja studio asubuhi moja. "Ugonile, dada," akasema, kisha akatoa soksi mfukoni, na ndani ya soksi akatoa lenzi.

Nikaigeuza. Ilikuwa ya kufunga kwa kuzungusha, uzi uleule wa kamera yangu ya Kirusi, na imeandikwa milimita ishirini na nane. Moyo uliruka kama samaki. Nikapiga miayo.

"Hii nayo ni ya nini?" nikamuuliza.

"Usinichekeshe. Wewe ni mpiga picha. Hii imetoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Magunia mawili ya mchele wa Kyela, lumbesa."

Lumbesa, kwa asiyejua, ni gunia lililojazwa likajaa, likaongezwa mpaka likaota kichwa, kisha likashonewa kofia ya kamba. Mawili! Nikamrudishia soksi yake. "Kaka, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona hii imetembea kutoka Karonga?"

"Imetembea kwa sababu kule hakuna mpiga picha mwenye akili kama zako."

Sifa sikuzikataa, ila nilikaa chini nikaanza kazi. Nikatoka nayo nje, nikaielekeza angani kwa upande wa nyuma, mboni yake, lile tundu la kupitisha mwanga, nimeifungua yote. Huku kwetu mvua haina likizo, na adui wa kioo ni kuvu. Inaota ndani kwa ndani kama utando wa buibui, na ikishaenea picha zote zinatoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Niliona kauzi kamoja pembeni kabisa, kadogo. Nikainusa pia. Watu wanacheka nikisema hivyo, lakini lenzi iliyooza ndani inanuka kama sanduku la bibi. Hii ilinuka soksi tu. Kioo cha mbele kilikuwa na mkwaruzo, na mkwaruzo wa mbele si kitu. Wa nyuma ndio unaokula picha, na nyuma kulikuwa safi. Nikafunga na kufungua mboni, vile vibati vyembamba vikaenda bila kunata, bila mafuta. Nikazungusha pete ya umbali, ikaenda laini kama inazunguka kwenye samli. Jamani, ilikuwa lenzi nzuri! Nikakunja uso kama niliyeona msiba.

"Ina kuvu," nikasema.

"Wapi?"

"Hapa. Tena haina kidirisha chake."

Hilo lilikuwa kweli na ndilo lilikuwa kubwa. Kamera ya aina yangu hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kidogo kilichoko pembeni, lenzi nayo inatazama kivyake. Kidirisha changu kilitengenezwa kwa lenzi ya kawaida. Lenzi pana inakuja na kidirisha chake cha kupachika juu, ili ujue inaona mpaka wapi. Huyu wa Karonga hakuwa nacho. Anayenunua lenzi ile ananunua jicho linaloona mambo ambayo yeye mwenyewe hayaoni. Nikamwambia madebe mawili, tena kwa kumhurumia. Akashika kifua. Tukabishana mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Mwisho tukakubaliana niijaribu kwanza. Yeye akabaki na baiskeli ya mume wangu kama rehani, jambo ambalo mume wangu alilijua baadaye, na akalisema sana. Mimi nikasimama barabarani mbele ya safu ya maduka, nikapiga mkanda nilioubakiza. Nilichoona kwenye kidirisha ni maduka mawili na mbuzi. Nikaenda kuusafisha mchana huohuo, nikachapa picha moja.

Nilipoitoa kwenye maji nikapiga kelele peke yangu mle ndani. Maduka hayakuwa mawili, yalikuwa safu nzima, pamoja na mti wa mwishoni na mama muuza ndizi ambaye hata sikujua alikuwa pale. Na pembeni kabisa, nyuma ya nguzo ya umeme, palitokeza nusu ya uso wa mtu ananichungulia nisije nikatoroka na mali yake. Alikuwa ni muuzaji mwenyewe.

Nikampelekea. Akaitazama kwa muda mrefu. "Si mimi huyu," akasema.

"Na kofia hiyo si yako?"

"Kofia kama hizi ziko nyingi." Na alikuwa ameivaa.

Tulicheka mpaka machozi, na katikati ya kile kicheko ndipo nilipojua thamani ya kitu nilichoshika. Mtu huyu sikuwa nimemtazama, hakuwa ndani ya kidirisha changu, na bado alikuwa kwenye picha. Kile kilichokuwa kilema cha lenzi kwa mpiga picha mwingine yeyote, kwangu ndicho kilikuwa dawa. Ningeweza kumpiga baba mkwe bila kumtazama.

Lakini biashara ni biashara, sikumwambia hayo. Nikapiga hesabu ya haki kwa jinsi nilivyojua: kuvu inapunguza, kukosa kidirisha kunapunguza sana, usafi wa kioo cha nyuma unarudisha kidogo. Gunia moja. Yeye akasema sawa, moja, ila lumbesa. Nikasema ng'o, gunia la kushonwa kawaida, mdomo juu ya mdomo. Hapo nilisimama kama nguzo ileile aliyojificha nyuma yake. Akachukua gunia lake akaondoka ananung'unika, mimi nikabaki nanung'unika, nikajua bei imekaa vizuri.

Jumapili baada ya ibada tukakusanyika Busale. Niliingia uani mapema, mzee akiwa bado anaongea na wenzake kanisani. Nikasimamisha kamera kwenye stendi, mgongo wake ukigusa kakao, nikachomeka kijiti pale lenzi inapoishia kushoto na kingine kulia, kwa vipimo nilivyokuwa nimechukua barabarani, nikipanga mawe na kuona yapi yanatokea kwenye picha. Kigoda cha mzee nikakiweka ndani ya kijiti cha kushoto. Upande wa kulia, sisi wake za wanawe. Katikati mama mkwe kwenye kiti cha sebuleni, wanawe, mabinti waliokuja na waume zao, na wajukuu wamepakwa mafuta mpaka wanameta. Nikaeleza kila mtu: tazameni kamera tu. Na hapo ndipo nilipogundua jambo lililonifurahisha sana, kwamba watu wakipiga picha hawatazamani. Wote wanatazama mbele. Heshima yetu yote ingebaki salama, hata mzee wa mila asingepata la kusema.

Kisha nikaenda kujificha nyuma ya jiko. Nikamsikia mzee anaingia, khoo, anakaa. Wenzangu wakaja kinyumenyume na kanga vichwani, wakasimama mwisho wao. Mimi nikatoka nimeinamisha uso, naona miguu yangu tu, nikafika kwenye kamera, nikavuta kile kikono cha kujipiga, kinachokupa sekunde chache kabla kamera haijafyatuka, nikakimbilia upande wa wanawake. Kamera ikaanza kulia kwa ndani, zzzzz, kama nyenje.

Watu wakakaa kimya. Mzee naye, akijua sasa ndio wakati wenyewe, akanyoosha mgongo, akaweka fimbo sawa, na kama mtu yeyote anayetaka kuonekana wa maana, akasafisha koo.

"Khoo!"

Weee! Sikuamua, miguu iliamua. Nilijikuta migombani na wenzangu wote, mmoja kaacha kiatu, mwingine kambeba mtoto asiye wake. Nyuma yetu tukasikia kamera inasema "ka!" Nusu ya kulia ya picha ile mpaka leo ni ukuta mtupu na kandambili moja hewani.

Uani kulikuwa kicheko, mashemeji wanagaragara. Mama mkwe alikuwa analia na kucheka, anasema, "Mmeona? Mmeona ninavyoishi?" Sisi migombani tulikuwa tumeshikana tunatetemeka kwa kucheka, huku tumejiziba midomo kwa kanga ili mzee asisikie.

Baada ya muda mume wangu akaja, maana yeye ndiye aliyekuwa daraja kati yangu na baba yake. Akasema, amejikaza asicheke, "Baba anasema mrudi. Hatakohoa."

"Mwambie ndaga fijo, asante sana," nikasema. "Na asicheke pia."

Tukarudi kinyumenyume. Nikainama, nikavuta kikono, nikakimbia. Zzzzz. Nilisikia pumzi ya watu wote, nikasikia kuku, nikasikia mpaka mfereji nyuma ya kakao. Kikohozi sikukisikia. "Ka!" Na papo hapo baada ya hiyo "ka" kikatoka kikohozi ambacho sijasikia mfano wake, kirefu, cha mtu aliyekuwa amekizuia kwa nguvu zake zote, nasi tukatimua mbio kwa furaha.

Nilisafisha picha ile siku iliyofuata, mlango nimefunga, taa nyekundu imewaka. Karatasi nyeupe ndani ya beseni la dawa, unaitikisatikisa, na watu wanaanza kuja mmoja mmoja. Alikuja mama mkwe. Wakaja watoto. Tukaja sisi wenye kanga, mimi natweta. Halafu kule kushoto akaanza kuja mzee ambaye sikumjua. Mkono wangu ukataka kuigeuza karatasi. Nikajiambia, we mwanamke, hii ni karatasi na dawa. Nikatazama. Alikuwa na masikio makubwa ya mwanangu wa mwisho. Alikuwa na uso mpole kuliko kikohozi chake. Mashavu yalikuwa yamevimba, macho yamemtoka, midomo ameibana. Nikamwambia, "Shikamoo, baba," mle gizani, kwa sauti. Nilisikia raha ambayo hata sasa nikiikumbuka inanijaa kifuani.

Nikaikuza kubwa, nikampelekea mama mkwe. Akatoka nayo juani, akaisogeza karibu na jicho, akainamisha kichwa apate pembe isiyo na ukungu. Akaanza kwa kidole kutoka mwisho wa kulia. Alitutaja mmoja mmoja, taratibu, akipita katikati, akijitaja na yeye mwenyewe, mpaka kidole kikafika kwenye kigoda. Hapo akacheka. "Huyu mzee! Kajaza mashavu kama anapuliza moto." Kisha akarudisha kidole mpaka mwanzo, akaenda tena mpaka mwisho. "Nimewaona," akasema. "Wote."

Nililia, sioni haya kusema. Yeye hakulia. Alifuta picha kwa kanga na kuniuliza, "Hiyo mashine ya kuona upana umeinunua kwa bei gani?"

"Gunia moja la mchele, mama."

"Lumbesa?"

"Hata! La kawaida."

Akanigeukia na macho yake yale. "Umemwibia mwenzio."

Nikaja juu, kwa sauti ya kufika mpaka ghalani. Nimemwibia vipi? Tulikubaliana! Ina kuvu, haina kidirisha, yeye mwenyewe alisema sawa! Nikamweleza kuvu iko wapi, mkwaruzo uko wapi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akainua picha tena. "Mimi nina ukungu macho yote mawili," akasema, "na hiyo kuvu yako siioni hapa. Siku ile mlipopatana bei, picha hii ilikuwa bado. Kamwongezee."

Nililala pale Busale na hasira zangu. Asubuhi niko jikoni nawasha moto, nikasikia kutoka ghalani, khoo. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikainama migombani. Kikohozi kikapita, kikasimama mbele ya jiko, kikarudi kilikotoka. Niliporudi nikakuta kizingitini debe la mchele lililojaa mpaka kichwani, ule mchele wake wa kunukia aliokuwa anauficha kwa ajili ya Pasaka. Hakuniachia neno na hakumtuma mtu. Hasira ziliniisha palepale.

Nilimpata yule wa Karonga pale Kasumulu, karibu na mpaka, anapanga betri zake. Aliponiona na debe nyuma ya baiskeli akaanza kujitetea kabla ya salamu. "Dada, nilikwambia ukweli wote, lenzi sirudishiwi!"

"Nani anarudisha? Nimekuletea lumbesa yako."

Akalizunguka debe kama mtu anayeogopa kurogwa. Akachota, akanusa, akanitazama. "Tangu nianze biashara hakuna aliyenunua halafu akarudi kuongeza. Nani kakutuma?"

"Baba mkwe wangu."

"Ni mtu wa namna gani huyo?"

Nikatoa picha kwenye mkoba nikampa. Akaipitia upande hadi upande, akaguna kwa kuvutiwa, kisha akaweka kidole kule kushoto. "Ndiye huyu? Mbona kavimba mashavu hivi?"

"Anazuia kikohozi."

"Kwa nini?"

"Ili nisikimbie," nikamwambia.